Mwalimu Hamdia na Vikombe vya Chekechea

Ijumaa hii, tarehe 1 Novemba 2024, Mwalimu Hamdia Abdiladif anastaafu baada ya kufundisha chekechea yetu hapa Burat kwa miaka ishirini na tisa. Walimu walikaa kuchagua nani aandike habari zake kwenye karatasi ya sherehe, wakanichagua mimi Wanja, mpishi wa uji. Shule mimi niliachia darasa la saba, lakini walisema Wanja ana maneno. Ni kweli, ninayo.

Alianza mwaka wa 1995 katika kibanda cha mabati kisicho na mlango. Siku hizo wazazi ndio walioajiri mwalimu wa watoto wadogo. Kaunti ilipokuja ikamwajiri, ikajenga darasa la mawe, naye akahamia ndani na mkeka wake ule ule. Baba yake alikuwa mtu wa malori ya Moyale, na nadhani sauti yake aliirithi kwa honi. Akiita "Njooni!" hata wanajeshi wanaokimbia mchakamchaka kutoka kambini hugeuka.

Kwake, mstari wa kwenda kunawa mikono hutembea kwa mwendo wa yule wa nyuma kabisa. Kuna mgeni alikuja kukagua, akasema huko ni kupoteza wakati. Mwalimu akamweka nyuma ya mstari, amshike mkono Bedan, ambaye mguu mmoja ulikuwa unamsumbua. Mgeni alifika kwenye maji akijua majina ya watoto wanane na ya mbwa wao.

Sasa niseme yangu. Binti yangu Warigia alisomea kwake mwaka wa 2017. Mtoto huyo, sitawaficha, alikuwa moto. Alihesabu mpaka mia wenzake wakiwa ishirini. Kwenye kalongolongo, ule mchezo wa watoto kupikapika na kujifanya baba na mama, yeye ndiye aligawa kazi: wewe baba, wewe mtoto, wewe mgeni. Nilikuwa nasimama mlangoni pa jikoni nikisema, gavana wa kesho huyo.

Mwaka huo kiangazi kilileta familia nyingi huku kwetu. Akai, mtoto wa Kiturkana kutoka Leparua, aliingia darasani hajui Kiswahili. Baada ya wiki tatu akaacha kuja. Mama yake alimwambia Mwalimu kwamba mtoto analia kila asubuhi, heri abaki achunge mbuzi, kwa sababu mbuzi hawachagui mtu. Alikuwa ameamua, na mama akishaamua hivyo, mtoto harudi.

Mwalimu hakumhoji mtu. Aliingia kalongolongo, akaomba kazi.

"Ticha, wewe kuwa nyanya," Warigia akamwambia.

Akakataa. Akataka kazi aliyokuwa akipewa Akai. Watoto wakatazamana. Huka, ambaye hajawahi kuficha jambo maisha yake yote, akasema, "Akai ni mbwa."

Basi Mwalimu Hamdia, mama wa heshima na mtandio wake, akashuka kwa magoti na mikono, akakaa nje ya ile nyumba waliyochora chini. Walipopika mchanga wao wakamtolea wake kwenye mkebe. Mwanzo walicheka. Halafu kicheko kikaisha, naye bado yuko pale pale kwenye vumbi. Warigia akaanza kulia: "Ticha, ingia ndani! Ingia tu!"

Mwalimu alipokuja jikoni kunieleza, nilisimama na mwiko. "Mwalimu, hiyo ni mchezo ya watoto. Wangu ni kiongozi, wengine wanamwonea tu wivu."

Hakubishana. Aliniuliza, "Mama Warigia, mkebe wameutoa wapi?"

Ulitoka kwangu. Kila mtoto alileta kikombe kutoka nyumbani. Akai hakuwa nacho, kwa hivyo nilimtilia uji kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na mkebe wenyewe niliuweka peke yake, mbali na vikombe vya wengine. Nilidhani ninamsaidia. Sikuwahi kujiuliza kwa nini nauosha mwisho. Mtoto wangu aliniona, na kwa vile ana akili, alishika haraka.

Alasiri hiyo tulienda kwao Akai, mimi, Mwalimu na Warigia. Njiani nilitunga hotuba nzuri sana. Nilipofika ikanipotea yote, nikasema tu, "Mama Akai, kosa ni langu. Mtoto ameiga mimi." Aliniangalia mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Warigia naye alimfuata Akai kwa mbuzi, akamuuliza anataka kuwa nani kwenye mchezo.

Akai, kwa Kiswahili chake cha wiki tatu, akajibu, "Mama."

Nilimwona gavana wangu akimeza mate. "Sawa. Mimi nitakuwa mtoto. Lakini usinichape."

Mama Akai ndiye alicheka kwanza. Jumatatu Akai alirudi shuleni.

Tangu siku hiyo kikombe cha chekechea hakina mwenyewe. Vyote huingia karai moja, vinaoshwa pamoja. Kila mtoto humpelekea mwenzake uji akimwita kwa jina, na hakuna anayekunywa kabla wote hawajapelekewa. Uji unapoa kidogo. Wacha upoe! Shule za jirani zimekuja kutazama, na anayewaeleza ni mimi, kwa nini nisiseme?

Leo Akai na Warigia wako gredi ya saba, dawati moja. Wangu bado anaongoza, ingawa kwa hesabu Akai amempita. Hilo nimeliandika kwa shida.

Mwalimu Hamdia, asante kwa kutulelea watoto, na kwa kutulea sisi mama zao bila kututangaza sokoni. Nenda upumzike, sasa wewe ndiye uletewe chai. Mungu akuzidishie afya, na siku zako za mbele ziwe nyingi na tamu.

Jana Mama Akai alikuja jikoni, nikamsomea haya yote. Yeye hajui kuandika, lakini alisema maneno haya ni yetu wawili, tutie majina yote. Nimetia, lake likiwa mbele:

Mama Akai, na Wanja wa uji.