Fundi Mbona na Koo la Lori

Marehemu, ambaye ndugu, majirani na wateja wote tulimwita Fundi Mbona, alizaliwa tarehe 11 Aprili 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mshonaji. Alipokuwa na miaka minne alipooza mguu wa kulia. Alitembelea fimbo maisha yake yote, na hakuwahi kuendesha gari hata siku moja. Hilo lishikeni, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kuimaliza mwaka 1972. Jina la Mbona alilipata darasa la tatu. Chaki ya mwalimu ilikuwa ikipiga kelele ubaoni, mwalimu akaivunja katikati, kelele ikaisha. "Mbona imenyamaza?" mtoto akauliza. Mwalimu aliitazama ile chaki, akautazama ubao, akasema, "Hata mimi sijui. Kaa chini." Wiki hiyo shule nzima haikuwa na chaki isiyovunjwa, na kila mtu alijua nani wa kuulizwa.

Mwaka 1974 aliingia gereji kujifunza ufundi wa magari. Kwa kuwa mguu wake haukuweza kukanyaga pedeli, alizoea kusimama nje ya gari akisikiliza, huku akimsumbua dereva kwa maswali. Unasikia nini mguuni? Linashtuka, au linavuta? Madereva wengi walimjibu, "Ni bovu tu, fundi, litengeneze."

Mwaka 1983 alikuja dereva mwanamke aliyekuwa akisambaza magodoro. Alipoulizwa mguuni anasikia nini, alifikiri kidogo, akasema, "Ni kama nakanyaga mzigo wangu. Nazama kwanza, ndiyo gari linaamka." Fundi aliweka spana chini. Jioni ile aliwaambia wenzake kuwa amepata mtu anayejibu. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984 na wakajaliwa watoto watatu. Mama mkwe wake alikuwa akisema kwamba binti yake hakuchumbiwa, alihojiwa.

Mwaka 1998 walinunua lori lao wenyewe, dogo, la petroli, nalo likailisha nyumba. Lakini lilikuwa na tabia moja: ukikanyaga mafuta ukiwa umesimama, lilisita kwanza ndipo likaondoka. Asubuhi moja ya Machi 2003, pale barabara inayotoka kwenye yadi ya nyumbani kwao inapoingia barabara kuu, mkewe alikanyaga na lori likasita katikati ya njia. Gari la kubeba mafuta lilikuwa likiteremka mlima kwa kasi. Lilimpita likang'oa kioo cha pembeni. Mkewe alirudi nyumbani, akaweka ufunguo juu ya meza, akasema, "Mimi basi. Tafuta dereva." Mwanamke yule alipenda kuendesha kuliko kula, na mumewe alijua. Kila alipomwona akipita kando ya lori bila kuligusa, ilimuuma.

Alianza na yale ya kawaida: chujio la hewa, plagi, pampu, waya wa mafuta. Vyote vizima. Ikabaki throto, lile koo la alumini ambalo hewa hupitia kuingia kwenye injini, lenye kibati cha duara kinachofunguka dereva akikanyaga. Aliifungua, akapitisha kidole ndani, akakuta ukingo uliokaa kama ngazi kabla ya kufika kwenye kibati. "Mbona wameuacha huu hapa?" alimwuliza mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na wakati huo akianika nguo. Mama mkwe alimjibu kuwa wenye kiwanda walikuwa na sababu zao, naye awe na adabu.

Hakuwa na adabu. Alitafuta throto mbili chakavu kwa wauza vyuma, akaanza kupiga tupa. Ya kwanza aliipiga kupita kiasi, akaila mpaka pale kibati kinapofungia. Injini ilipowashwa ilinguruma yenyewe, ikakataa kutulia, majirani wakatoka nje.

"Nani amekanyaga?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Basi zima kabla hajatokea."

Ndipo akaelewa kuwa pale kibati kinapofungia hapaguswi. Kwa throto ya pili alichora mstari kwa rangi ya kucha ya mkewe, akalainisha ule ukingo peke yake kwa tupa ndogo na msasa, bila kuuvuka mstari. Aliiosha kwa petroli mpaka kitambaa cheupe kikatoka safi, maana unga wa chuma ukimezwa na injini ni maafa. Akaifunga. Kisha akamwomba mkewe jambo moja tu: azunguke uwanjani, aseme mguu unasikia nini. Mkewe alizunguka, akatoka getini bila kuambiwa, akapita makutano yale, akarudi. "Limeacha kusita," akasema, na ufunguo akautia mfukoni.

Wateja waliokuja wakitaka nguvu za bure aliwaambia wazi kwamba nguvu haiongezeki hata chembe. Gari linausikiliza mguu mapema, basi. Lakini hata hilo alikuwa ameambiwa tu na mkewe, na kwa miaka mingi lilimkaa rohoni. Je, throto ilisaidia kweli, au mkewe alikuwa akimfurahisha tu?

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Siku ya kwanza kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu aliuliza maswali mengi hata muuguzi akamwambia, "Mzee, mgonjwa ni wewe au mashine?" Agosti 2024 madaktari walimruhusu arudi nyumbani, na wote tukaelewa maana yake.

Tarehe 31 Agosti, mchana, mkewe alikuwa akimnywesha chai, na mdogo wa marehemu, anayewasomea wasifu huu, alikuwapo.

"Mama watoto, leo nijibu kweli," marehemu alisema. "Lile lori lilibadilika, au ulinionea huruma?"

Mama aliweka kikombe chini. "Lori sijui, baba. Labda lilibadilika kidogo. Nilijua tu kwamba umehangaika nalo kwa ajili yangu, nikaacha kuogopa. Zamani nilikuwa nakanyaga nusu. Siku ile nilikanyaga yote."

Mgonjwa aliinua macho darini, tukadhani ameumia.

"Kumbe na wewe ulikuwa unasita," akasema. "Hilo sikulipima." Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba chai yake.

Alifariki dunia nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana, wala hatufichi.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, kaka mmoja, na mjane ambaye asubuhi ya leo alikataa katakata mtu mwingine kuendesha lile lori, lililoleta jeneza hapa. Pale makutano alisimama, akatazama pande zote mbili, akakanyaga yote.

Pumzika salama, fundi wetu.