Kiwiko cha Jembe

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba acha kuvuta kamasi, sijafa bado. Nyumba hii ni yenu nyote, asiuze mtu. Shamba nimeshaligawa, na atakayesogeza mpaka nitamjia usingizini. Hayo madogo. Neno langu ni ile picha ya sebuleni.

Nasikia mmewaahidi watu wa gazeti waichapishe tena nikifa, ndiyo maana wamekaa barazani kama kunguru. Eti “Malaika wa Vita”, ndivyo walivyoandika chini yake! Mwee! Malaika hali, halali, hatapiki. Siku ile mpiga picha wao aliingia wodini kwetu manesi wa jeshi akaziba pua, akanitoa nje penye jua, akanivua aproni yenye usaha, akanipaka rangi ya mdomo, akamlaza dereva wake, buheri wa afya, kwenye machela, akaniamuru nimfunge bandeji juu ya shati. Juu ya shati, wanangu! Wala hakuna mhariri aliyeuliza ni kidonda gani kinafungwa hivyo. Nchi nzima ikamlilia dereva aliyekuwa na njaa tu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya gazeti imefika hadi sebuleni kwangu.

Aliyesafisha vidonda vya kweli ni mwenzangu, tuliyemwita Jembe. Mpiga picha alitazama uso wake wenye makovu ya ndui, akasema, “Wewe dada, hebu kaa pembeni.” Homa ya wodini ikamchukua kabla vita havijaisha, na gazeti halikumwandikia hata mstari. Vita vilipokwisha, gazeti lilelile likatuita malaya wa kambini, na mama mkwe akanisomea kwa sauti mezani. Wino wao hauna haya. Sijawasamehe, wala msiwasamehe kwa niaba yangu.

Marehemu baba yenu ndiye aliyeitundika picha hiyo, nami nikaiacha kwa sababu moja. Mkubwa, kaishushe uilete hapa. Lete mkasi wa cherehani. Unaona pale ukingoni? Kiwiko. Ni cha Jembe, alikuwa amenishikia bakuli. Nikate mimi, na dereva, na machela, uwape wale wa barazani wakatafune. Kiwiko kirudishe ukutani. Wajukuu wakiuliza, waambieni huyo ndiye nesi.

Maji... asante, mama. Mungu awaweke. Pendaneni, msi... msigombane.

Mbona unanitazama tu? Kata, mwanangu. Nataka niusikie mkasi.