Siku Ambazo Lonnie Hakuweka Dau

Hebu fikiria benchi la mbao mbele ya duka la maandazi, katika mji mdogo wa Ohio, Jumamosi asubuhi. Wazee watatu wameketi na vikombe vya kahawa. Wa kwanza wanamwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Jaji, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, kwa kosa la kuegesha gari vibaya. Na Emmett, zamani mrushaji wa mpira wa timu ya besiboli ya mji. Adhuhuri kamati inaamua kama Lonnie Haskett, mpigaji hodari aliyefungiwa maisha kwa kamari, aingizwe kwenye Jumba la Heshima la mji, wanakoenziwa wachezaji bora. Kura zimefungana. Imebaki ya Emmett.

— Mpe, bwana! alisema Redio. Dau lake lilikuwa timu yake ishinde. Hiyo si kamari, ni mapenzi.

— Sheria ni sheria, alijibu Jaji. Samaki mmoja akioza...

— Anatiwa chumvi! Na vidau vyenyewe vidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ndiyo kesi yenyewe hiyo, mzee! Kibaba kilijaa!

— Uongo. Walimfungia kwa sababu mipira yote aliyoipiga ilitua mtoni. Wenye timu walichoka kununua mingine.

— Basi na kambare wa mto ule wajengewe Jumba lao.

Emmett alicheka. Moyoni alishaamua: ndiyo. Lonnie alikuwa rafiki yake, mdakaji wa mipira nyuma yake uwanjani.

Corinne, mwalimu aliyehamia mjini juzi, alitoka dukani na mfuko wake wa maandazi. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, wazee wangu. Siku ambazo hakuweka dau, alicheza vipi?

Jaji akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari.

Emmett aliiona tena ile fainali, siku ambayo Lonnie hakuweka dau. Mpinzani aliupiga mpira, ukapaa, ukashuka, rahisi kudaka, ukamponyoka Lonnie mikononi. Wakashindwa. Tangu siku ile Emmett hujilaumu kwamba alirusha vibaya.

— Siku ya fainali jua lilimwingia machoni, alisema polepole.

— Emmett, alinong'ona Redio, ambaye hajawahi kunong'ona. Siku ile kulikuwa na mawingu.

Emmett alivaa kofia yake, akashika njia ya kwenda kwenye kamati.

Ukikutana naye akirudi, tafadhali usimuulize kapiga kura gani. Kumbuka jambo moja tu, na ukipata nafasi umwambie: alirusha vizuri.