Nipitisheni Mpondwe Ningali Hai

Bismillahi. Jamilah, rudishia mlango lakini usiukomee, nataka nisikie Fuso ikiwashwa. Huzaifa, kaa chini. Si hapo. Kwenye kiti hicho atakaa Badiru, mdogo wako wa ng'ambo. Wewe kaa mkekani, pale pale alipokuwa amepiga magoti mama yake siku ile walipomchukua. Kulusum, mke wangu, kaa popote utakapo, nyumba ni yako. Leo nasema Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofanyia biashara maisha yangu yote hapa Bwera mpakani, na leo nafunga biashara, wala sitaki mtu wa kusema kesho kwamba mzee Wahab alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Homa iko kifuani, kichwani haijafika.

Nianze na mali, maana najua ndiyo iliyowakalisha kwa adabu namna hii. Mirathi siigusi. Sheikh atagawa kama Mungu alivyokwisha kugawa, mtoto wa kiume sawa na mtoto wa kiume, awe alizaliwa Bwera huku Uganda au Kasindi kule Kongo, na kitabu cha Mungu hakina lango wala afande. Fuso ni ya ndugu yenu Ziyad, nilimpa nikiwa mzima, naye yuko nje anakagua matairi kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayejua kufanya kazi bila kipaza sauti. Stoo ya Mpondwe, Huzaifa, ile uliyoiandika jina lako mlangoni kwa rangi nyekundu hata kabla sijafa, imesimama kwenye kiwanja changu, kwa hiyo itawaangukia wote, wewe na Badiru na ndugu zenu. Mtauza humo pamoja, mtagombana humo pamoja, na kila asubuhi utafungua kufuli moja na Mkongo. Usikunje uso. Nafurahi kuuona umekunjamana hivyo, lakini utanichekesha, nami sina pumzi ya kucheka.

Sasa nije kwenye ule mjadala wenu wa pale Kinyamaseke. Nilikuwa hapa kitandani, redio kifuani, nikasikia yote. Swali la kura lilikuwa je, nchi yetu itoke kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki au ibaki, na ninyi wawili mliotoka tumbo moja, wewe na Jamilah, mkapandishwa jukwaani, mmoja huku, mmoja kule. Wewe Huzaifa ulisema itoke. Ulisema mchele wa nje unawamaliza wakulima wetu, ulisema kila risasi inayolia Beni ng'ambo inakuja kutafuta watoto wetu huku, ulisema tunawalisha majirani ambao hata asante hawana. Sikatai, mengine yalikuwa na ukweli wake. Lakini mzee Semu wa Bwesumbu aliposimama kuuliza kahawa yake itauzwa wapi lango likibanwa, ulimwambia aketi aende akainywe mwenyewe, na watu wakaangua kicheko. Mzee wa umri wangu! Nilimjua Semu kabla wewe hujaota meno, na siku hiyo nililionea haya jina langu lililofungwa nyuma ya lako. Na jukwaani ulikuwa umevaa nini? Jamilah aliniambia. Shati la kitenge alilokuletea Ziyad kutoka Butembo, Kongo hiyo hiyo.

Hayo ni ya siasa, na siasa mtu husamehewa. Lisilosameheka ni pale ulipoacha Kiswahili. Ulipofika kwenye matusi ukahamia lugha yetu ya Lhukonzo, kama mtu anayevuta pazia ili atete na watu wa nyumbani kwake, ukasema, “Kila mwenye ndugu zake ng'ambo awafuate huko huko, na sisi tufunge lango.” Mjinga wewe, mwanangu niliyekusomesha mpaka Kampala. Ulikuwa unamficha nani? Kule wanajiita Wanande, huku tunajiita Wakonzo, na kukicha wote tunaamkiana *wabukire*. Wanyankole hawakukuelewa, watu wa Kampala hawakukuelewa. Waliokuelewa neno kwa neno ni wale wale uliokuwa unawatukana. Mama yako mdogo Sylvie, mama yake Badiru, alikuwa Kasindi anapima mawese, redio iko mezani, akakusikiliza mpaka mwisho. Akafunika pipa lake, akavuka, akaja kuniogesha.

Humkumbuki alivyoingia katika nyumba hii, ulikuwa mdogo. Mwaka ule risasi ziliposhuka milimani tulikimbia na tulichovaa. Mama yako Kulusum alikuwa na mimba kubwa ya Jamilah, mimi nimembeba bibi yenu mgongoni, na wewe una surua, mwili unawaka, macho yameziba. Pale kivukoni mto Lubiriha ulikuwa umejaa, maji yananifika kifuani. Msichana mmoja wa ng'ambo akaingia majini, akakupokea mikononi mwa mama yako, akakufunga mgongoni kwa kitenge chake mwenyewe, na mama yake akawa anatupigia kelele kutoka ukingoni, “Mupite mbio, mutoto asikufe mu baridi, moto iko!” Hakuna aliyetuuliza kibali. Tulikaa kwao mpaka mvua zikakatika, tunakula ugali wao wa muhogo, na yule msichana anakulisha uji kwa kidole kwa sababu midomo yako ilikuwa imepasuka. Huyo ndiye Sylvie. Nilimwoa baadaye, na mama yenu Kulusum, huyu hapa, ndiye aliyeniambia nimwoe kabla mwingine hajaniwahi, ingawa alilia wiki nzima.

Haya, wewe sasa. Wapinzani wako walipoanza kunong'ona kwamba huyu msemaji wa kutoka ana mwanamke wa Kikongo nyumbani kwa baba yake, hukuja kuniambia, hukumwambia yeye. Ulimpigia simu afande rafiki yako. Wakaja wanaume wawili mchana kweupe, wakamkuta amenilaza ubavu ananisugua mgongo, maana mimi sasa najikojolea, na msinionee haya kwa kulisema. “Mama, toka! Rudi kwenu! Sasa hivi!” Hakubishana nao. Aliomba tu anisuuze kwanza. Wakakataa. Akaondoka na povu mikononi, pekupeku, nami nikabaki hapa sabuni inanikaukia mgongoni, namwita mtu wa kuniletea maji.

Jamilah, usimtazame kaka yako kwa jicho hilo. Ulikuwepo. Ulisikia viatu vyao ukakimbilia jikoni. Wewe uliyepigiwa makofi Kinyamaseke kwa kuitetea Jumuiya, samaki wetu wanaliwa wapi, chumvi ya Katwe inanunuliwa na nani, mawese, vitenge, kahawa, ukayapanga vizuri hata mimi nikasema huyu binti yangu ana kichwa. Ulizitetea nchi zote hizo, ukashindwa kumtetea mwanamke mmoja. Aliyetoka mbio ni mama yako, na magoti yake mabovu, ameshika viatu vya mke mwenzake mkononi, akamfuata mpaka barabarani. Niliwasikia huko nje wakiagana, na sauti yako haikuwemo.

Nawe Badiru usijinyooshe kwenye hicho kiti. Nasikia huko Kasindi una kikundi chako, mnaimba kwamba Kongo itoke, kwamba watu wa Uganda ni wezi wa mbao na wezi wa kahawa, halafu siku ya soko unavuka kuja kuwauzia wezi hao hao. Mmezaliwa na akina mama wawili, lakini ujinga wenu niliutoa mimi, maana mmegawana sawasawa.

Nisikilizeni vizuri sasa, hapa ndipo penyewe. Maiti haivuki kirahisi. Maiti inataka barua ya daktari, muhuri wa huku, muhuri wa kule, na ikishaipata yote imekwisha kuharibika. Mgonjwa huvuka na godoro lake. Leo ni Ijumaa, soko la Mpondwe limefurika, na mimi nitapita ningali hai. Nitafia kwa Sylvie. Nikishakata roho ataniosha yeye, amalizie alipokatizwa.

Ziyad ataendesha, lakini pale langoni hawamjali Ziyad, wanakujua wewe. Utakaa mbele, Huzaifa, kioo umekishusha. Afande wako atakuuliza mzee anapelekwa wapi. Utamjibu kwa Lhukonzo, kwa sauti ile ile ya redioni, akina mama wa soko wasikie: “Ana ndugu zake ng'ambo, anawafuata.” Kama haelewi, mtafsirie. Ukikataa, sitakulazimisha, nitafia hapa hapa kwenye mkeka uliokalia, na Badiru atanibeba begani aipitishe maiti yangu mtoni kwa miguu, mchana, mbele ya wapiga kura wako wote. Chagua mwenyewe, wewe ni mtu wa kura.

Kaburini watashuka Badiru na Ziyad wanipokee. Wewe ndiye kifungua mimba, na haki yako ilikuwa kunishika kichwa, hiyo nimekunyang'anya. Utasimama juu pamoja na wageni, kwa sababu kule utakuwa mgeni. Mkishanifukia, rudi kwenye kampeni yako, sikuzuii. Piga domo, shinda. Siku lango litakapofungwa kama unavyotaka, baba yako atakuwa upande ule, na wewe utasimama ukingoni mwa Lubiriha unaitazama migomba ya Wakongo, huoni niko chini ya mgomba gani. Wanao watakuuliza babu yao yuko wapi, utawaonyesha kwa kidole.

Nipe maji, Jamilah. Kidogo... Basi.

Kulusum. Usigeuke, nitazame. Najua ninalokufanyia. Nimekula chakula cha mikono yako miaka yote hiyo, halafu nakwenda kufa mikononi mwa mwingine. Sina neno la kulifunika hilo, nimelitafuta tangu juzi sikulipata. Unisamehe, au usinisamehe, yote ni haki yako. Ukitaka kupanda gari, panda. Sylvie atakutandikia. Yule hajawahi... hajawahi kumfungia mtu mlango.

Nani analia? Ni wewe, Huzaifa? Lia. Kwenye surua ulilia hivyo hivyo, na mtu akakubeba.

Sogeeni sasa. Wote, na wewe wa mkekani. Mikono yangu haifiki, leteni vichwa. Mungu awape umri. Awape riziki upande huu... na upande ule. Jamilah, akupe ulimi ule ule na siku usipokuwa na jukwaa. Badiru, akupe akili, hata ya kuazima. Huzaifa, wewe akupe zaidi ya wenzako. Akupe mtoto wa kiume, umpende kama... nilivyokupenda wewe. Na akikua, akufanyie... akufanyie ulivyonifanyia. Amina. Semeni amina. Na yeye aseme.

Hiyo Fuso? Imewaka. Badiru, shika kichwa. Huzaifa, wewe miguu. Polepole... msinigonge na mlango. Shuka imeloa, nifunikeni, watu wasione.

Kibali chako cha kuvukia unacho, mwanangu? Kichukue. Wewe una kwenda... na kurudi. Mimi ni kwenda tu.