Bi Kijiko na Meza ya Lango la Wageni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu Bi Kijiko anastaafu, baada ya kuutumikia uwanja wetu kwa miaka ishirini na minane. Jina lake halisi lipo ofisini na litabaki hukohuko, kwa sababu hata meneja akiliita hakuna anayegeuka, yeye mwenyewe akiwemo. Ameomba wasifu huu uwe mfupi na usimlize. La kwanza nitajitahidi.

Aliingia hapa kama mfagiaji wa majukwaa. Anayefagia jukwaa baada ya mechi huwa anajua watu walikula nini. Upande wa wenyeji alikuta maganda ya machungwa na mifupa ya kuku. Upande wa wageni alikuta karatasi za biskuti, mechi baada ya mechi. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mtu ametoka nchi nyingine, amekesha kwenye basi, amekata tiketi, halafu anaishangilia timu yake na biskuti tumboni! Akamwendea meneja wa wakati ule, akaomba apewe meza aiweke nje ya lango la wageni ili awe anawaelekeza pa kula. Meneja alidhani anataniwa, akampa meza mbovu ya stoo iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Mumewe, fundi wa taa za uwanja, aliurefusha mguu ule kwa kipande cha ubao. Ndiyo meza mnayoiona mpaka leo.

Kijiko nacho ni cha kweli, hukaa kwenye mfuko wa blauzi yake. Siku ya mechi ya kimataifa huamka mapema, akapita jiko kwa jiko kwenye mitaa inayouzunguka uwanja, akionja kila sufuria. Mgeni haelekezwi kwenye chakula ambacho yeye hajakionja asubuhi ileile, hata kama mpishi ni rafiki yake. Hasa kama mpishi ni rafiki yake. Wapishi wamelalamika sana. Mmoja alimficha sufuria ya mchuzi chini ya beseni la nguo, naye akaikuta kwa kufuata pua. Ikifika saa sita mchana huwa ameshaonja kila kitu kilichopikwa katika mitaa hiyo, na bado ukimkaribisha chai hakatai.

Wageni wengi hatuelewani nao lugha, kwa hiyo yeye huwatazama miguu. Waliovimba miguu kwa safari huwapeleka kwa muuza supu, ambapo ni pua na mdomo na lango. Wenye watoto huwapeleka kwa mama wa samaki, maana pale miiba hutolewa jikoni. Wenye ngoma na matarumbeta huenda uani kwa fundi seremala, ambaye keshazoea kelele na ambaye mkewe hukaanga viazi vizuri mno. Halafu kuna wale wenye moyo mkononi, wasioweza kumeza kitu mpaka filimbi ipigwe. Hao hawalazimishi. Huwaonyesha kibanda cha chai kilichopo kwenye kona, wakakae kimya na mkate wao mkavu.

Saa hizo za kabla ya mechi nazipenda kuliko mechi yenyewe, nami naruhusiwa kusema hivyo kwa kuwa mimi ni mkata tiketi tu. Moshi wa majiko hushuka mpaka usawa wa mabega. Nyimbo hutoka mtaa wa pili kwa lugha usiyoijua, zikaja, zikapotea, zikarudi. Watu hutembea taratibu na shibe, skafu shingoni, kama walio ndotoni, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kufungwa. Katikati ya yote hayo utamwona Bi Kijiko amesimama mezani kwake, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukionyesha njia.

Lakini mnataka kusikia habari ya makoti ya mvua, na mimi ningekuwa mchoyo nisipoisimulia.

Msimu mmoja mashabiki walipigana nje ya uwanja, wenyeji kwa wageni, mabenchi yakawa silaha. Shirikisho likatuonya: vurugu nyingine kama ile, na mechi za kimataifa zitahamishiwa mji mwingine moja kwa moja. Kwetu sisi wa malangoni na kwa wapishi wa mitaa ile, huo ulikuwa mwisho wa riziki. Bi Kijiko akaweka utaratibu. Wageni wote wakale mkono wa kushoto, mtaa wa mafundi viatu. Wenyeji wote mkono wa kulia, upande wa soko. Hakuuliza mtu anatoka wapi, aliangalia jezi tu na kunyoosha mkono. Utaratibu ulifanya kazi vizuri mpaka siku ya mechi iliyofuata, ilipoanza kunyesha.

Mvua ile haikuwa kubwa. Ilikuwa nyepesi, ya kushinda, ile inayoufanya mji mzima uonekane kama umefunikwa shuka. Mchuuzi mmoja aliyejaliwa akili ya biashara akatokea na makoti ya mvua, yote ya rangi moja, bluu. Wageni wakanunua. Wenyeji wakanunua. Mezani kwa Bi Kijiko wakaanza kupita watu wa bluu watupu, kofia zimewafunika mpaka puani. Yeye akadhani wenyeji ni waoga wa mvua na wamebaki nyumbani, akawanyooshea wote mkono wa kushoto.

Mtaa wa kushoto una ukumbi mmoja mkubwa wa chakula, na mwenye ukumbi ni wifi yake. Wifi huyu ana sheria zake. Hampakulii mtu. Anaweka bakuli kubwa la wali na bakuli la mchuzi wa nyama katikati ya meza, na kila mtu lazima ampakulie aliyekaa karibu naye, kamwe asijipakulie mwenyewe. Usidhani ni ukarimu. Alichoshwa na watu wanaojichagulia nyama zote na kumwachia jirani mchuzi mtupu, na tangu aweke sheria hiyo nyama zinagawanywa kwa haki.

Kule langoni, jamaa wa mwisho alipoinama kufunga kamba ya kiatu, koti likapanda na jezi ya timu ya nyumbani ikachungulia. Bi Kijiko akamshika mkono. Akamuuliza ameongozana na nani, naye akajibu kwamba wenzake wa mtaani wametangulia kula, wengi tu, ukumbi si ule pale? Sijawahi kumwona Bi Kijiko akikimbia kabla ya siku ile, wala baada yake. Nilimfuata, nikiwa nimeacha lango wazi, jambo ambalo naomba lisisomwe kwa sauti siku ya kumuaga.

Tulipofika, madirisha yalikuwa yamejaa mvuke. Ndani kulikuwa na joto la jiko, na watu wa bluu walikuwa wameanza kuvua makoti. Moja, jingine, jingine. Chini ya kila koti ilitoka rangi. Tulisimama mlangoni tukiona ukumbi ukibadilika hivyo mbele ya macho yetu, wageni na wenyeji wamechanganyika meza moja baada ya nyingine, bega kwa bega. Vicheko vikakatika. Kwenye meza ya katikati mzee mmoja mgeni, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alikuwa amenyanyua upawa wa mchuzi juu ya sahani ya kijana mwenyeji, na upawa ukabaki palepale hewani. Kijana alimtazama mzee, akaitazama jezi yake, akaitazama sahani ambayo mkono ule ulikuwa umeshaijaza wali. Kazi zetu zote zilitegemea upawa ule.

Kijana akasema kwa upole kwamba mzee asisite, amwage, maana wali wenyewe ni mkavu.

Mzee hakuelewa maneno, ila alielewa sahani iliyosogezwa. Akamwaga. Aliyeelewa maneno vizuri sana ni wifi, ambaye alitoka jikoni na mwiko mkononi akitaka kujua nani kasema wali wake mkavu, ajitokeze, asimame kama ni mwanamume. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, hata wasiojua lugha. Kijana alijificha nyuma ya mgeni wake. Vijiko vikaanza kugonga sahani tena, na Bi Kijiko akaketi kwenye ngazi ya mlango akalia waziwazi.

Waliondoka pamoja kwenda uwanjani, makoti yamekunjwa kwapani, mvua imebaki manyunyu. Tulifungwa siku hiyo, tena vibaya. Hakuna aliyeinua benchi. Bi Kijiko alikwenda mwenyewe kwa meneja kueleza kosa lake, amepiga moyo konde akitegemea kufukuzwa. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ule mchuzi umebaki. Tangu hapo hakuna tena kushoto wala kulia. Kila mechi ya kimataifa wageni na wenyeji hula pamoja kwa wifi, na mechi bado tunazo.

Bi Kijiko, tutakukosa, na sioni sababu ya kulizungusha hilo. Umetufundisha kazi kwa kutufokea, na umetulisha kwa kisingizio cha kuonja. Mumeo anasema tayari umeanza kukagua mapishi ya majirani, nasi tunawaombea majirani subira.

Zimebaki habari za wiki iliyopita, ambazo ulitaka tusizitangaze. Mwezi ujao timu yetu inakwenda kucheza kwa wale wageni wa siku ya mvua, na mashabiki wao wamekuletea tiketi ya basi na ya uwanja. Hujawahi kuvuka mpaka. Umetuambia unaogopa: hujui lugha yao, hujui mji, miguu yako nayo huvimba safarini, na hujui utakula wapi. Tuliwapelekea maneno hayo yote kama ulivyoyasema. Jibu limefika jana. Yule mzee bado yupo, hatembei sana siku hizi, lakini ameagiza wanawe wamtolee kiti mapema na wakiweke nje ya lango la wageni, akungojee hapo mwenyewe.

Safiri salama, mama yetu. Pumzika vyema, na ufike ukiwa na njaa.