Bi Kengele Aliyezikwa Jumamosi

Ndugu waombolezaji, walimu, majirani, na ninyi wanafunzi mliokaa kule nyuma kimya kuliko mnavyokaa darasani, aliyestahili kusoma haya ni kaka yangu mkubwa, lakini ameniambia sauti yake haitafika mwisho, na dada yangu amenishikia mtoto mchanga, basi nimebaki mimi, kitinda mimba, nikikimbiza maneno mnisamehe, nikikwama mnisamehe vilevile.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1964, mtoto wa kwanza kati ya saba, baba yake mpaka rangi za majengo, mama yake mfua nguo za watu, na kwa kuwa kifungua mimba ndiye mgongo wa wadogo zake, alianza shule mwaka 1973 akiwa amechelewa, na hata alipoanza ilikuwa leo yupo kesho hayupo, maana kila mdogo wake alipopata homa yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumbeba. Alirudia darasa la nne, akamaliza la saba mwaka 1980, na alituambia kwamba miaka ile yote mwalimu alimwita mtoro mbele ya wenzake, na neno hilo lilimuuma kuliko fimbo, kwa sababu mtoro ni mtu aliyekimbia, naye hakukimbia popote, alikuwa nyumbani na mtoto mgongoni.

Baada ya kusomea ukarani aliajiriwa Februari 1985 katika ofisi ya shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, na tarehe 6 Agosti 1988 akafunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani aliyeshona sare za shule hiyohiyo, ndiyo maana Baba alipenda kusema kwamba mkewe alimpata kwa vifungo. Mungu aliwajalia watoto watatu, kaka ambaye ni dereva wa lori, dada ambaye ni msusi, na mimi, na Baba alituacha mwaka 2011.

Sasa nifike kwenye kazi yake, kwa sababu ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Tarehe 12 Januari 1998 aliteuliwa kuwa msimamizi wa mahudhurio, wakati ambapo viti vya nyuma kila darasa vilikuwa na vumbi, na wenzake walimshauri aandikie wazazi barua za vitisho, yeye akasema barua haibebi mtoto. Akaanza kwenda mwenyewe, alfajiri, kabla ya kengele, anapiga hodi, anaomba kiti, na haulizi kwa nini mtoto hakwenda shule, anauliza kazi gani ya nyumbani inamsubiri huyu mtoto, akishaambiwa anaifanya yeye, anaosha vyombo, anamshika mchanga, anakaa na mgonjwa, mtoto anachukua begi anaondoka. Ndipo wanafunzi wakambandika jina la Bi Kengele, kwa kuwa ukimwona mlangoni ujue kengele iko karibu kulia.

Fundi wa kuchomelea, ambaye leo ametufungia hili turubai, na zamani alikuwa akimbakiza mwanawe amshikie mabomba, anakumbuka alivyomwambia Mama, Bi Kengele, huyu nimemzaa mimi, wewe unampangia kama nani, na Mama akamjibu kwamba kuzaa umezaa wewe, baba, kusoma atasoma yeye, mimi mpita njia tu, nipe hayo mabomba niyashike. Akayashika kweli, gauni likatoboka kwa cheche, na yule mtoto sasa yuko kidato cha pili.

Aligundua mambo ambayo ofisini hayaonekani. Watoto wengi walikosa Jumatatu za masika, watu wakasema ni uvivu, kumbe wana sare moja, imefuliwa Jumapili, mvua imenyesha, haijakauka, akamwomba mlinzi wa shule kona ya kibanda chake, akaweka pasi ya mkaa, na Jumatatu utawakuta watoto wamejipanga pale wamejifunga khanga za mama zao, wanacheka, Bi Kengele anawakaushia mashati. Mwaka 2006 mwalimu mkuu wa wakati ule alilalamika kwamba sasa madawati hayatoshi, Mama akasema hilo ndilo lalamiko alilolingoja tangu aanze.

Nami nilipopata mimba nikiwa kidato cha tatu maneno yalisemwa, mnayajua, wengine mliyasema ninyi, kwamba mganga hajigangi, anakusanya watoto wa wenzake, wake amemshinda. Mjukuu wake alipozaliwa Mama alimfunga mgongoni, akazunguka naye nyumba kwa nyumba mwaka mzima, mimi nikarudi darasani nikamaliza kidato cha nne, kwa hiyo mwanangu alizijua njia za kazi ya bibi yake kabla hajajua kutembea, na alipoanza darasa la kwanza walikuwa wanatoka pamoja wameshikana mikono, mimi nafunga mlango nyuma yao.

Kuhusu ugonjwa wake, tumbo lilianza kumsumbua Januari mwaka huu, na hapa naomba niseme kwa uchungu kwamba kazi yake ndiyo iliyomdanganya. Kila Jumatatu kwa miaka ishirini na sita alisikia tumbo linaniuma, shikamoo Bi Kengele, tumbo linaniuma, na alikuwa na dawa yake, maji ya vuguvugu na swali moja, upande gani, na mtoto aliyeonyesha pande zote alikuwa anapelekwa shule. Basi lake lilipomuuma alijifanyia hivyohivyo, akanywa maji ya vuguvugu, akasema hili ni tumbo la Jumatatu, akatoka. Nilimwambia, Mama, twende hospitali, akaniambia akikosa yeye atamwambia nini mtoto wa mtu, na alivyopungua tukasema ni kutembea, na alivyoacha chakula tukasema ni umri. Tarehe 3 Juni aliinama kufunga kiatu asiinuke, tukampeleka, na madaktari wakakuta uvimbe kwenye kongosho, umeshasambaa, wakatuambia ukweli kwa upole.

Alikuwa astaafu Novemba. Tarehe 5 Septemba hali ilibadilika ghafla mchana, tukamkimbiza hospitali, na mwanangu aliporudi kutoka shule akakuta kitanda cha bibi kitupu na mashuka yamevutwa, na tangu siku hiyo hajaenda shule tena. Nimembembeleza, nimemgombeza, baba yake aliye mbali kwenye ujenzi amemsemesha kwa simu, anashika mguu wa kile kitanda anasema, mama, nikienda shule watu wanaondoka. Ana miaka saba.

Tulimpeleka wodini amwone bibi yake, na Mama, aliyewatoa uvunguni watoto wa mji mzima, alinyoosha mkono amvute karibu, mkono haukufika, akaniangalia mimi. Jioni hiyo akatuagiza tumzike Jumamosi, isiwe siku ya masomo. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, asubuhi, ndiyo sababu tumekaa naye hadi leo, na wale mliouliza mbona mnachelewa kuzika, jibu ndilo hilo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza na kumwosha kama mama yao, mwalimu mkuu na walimu, mlinzi wa shule aliyekuja kila jioni akakaa nje bila kuomba kuingia, madereva wenzake kaka, wasusi wenzake dada, na majirani mliopika na kulala nasi chini. Nawashukuru pia mnaoniambia mwache mtoto apumzike, amefiwa. Najua mnatupenda. Lakini Mama alikuwa akisema utoro sugu hauanzi na mtoto mtundu, unaanza na siku moja ambayo kila mtu aliona ni haki yake kukosa, kisha ya pili, na mimi nimeanza kuziona hizo siku ndani ya nyumba yangu, na pale ofisini bado hajateuliwa mtu, hakuna atakayenigongea.

Kwa hiyo Jumatatu nitatoka naye mwenyewe, mchanga mgongoni, mwalimu wake amekubali nikae nje ya dirisha anione. Sijui kama tutafika getini. Ninaogopa, nasema kweli, nikishindwa Jumatatu tutatoka Jumanne, na mkitukuta njiani analia nawaomba msitusimamishe kutupa pole, msalimieni tu, muulizeni yuko darasa la ngapi, mtupishe tupite.

Mama, mjukuu wako amesimama hapa ameshika gauni langu, amekataa kuliachia tangu asubuhi, na mimi sijamwambia aliachie. Lala kwa amani, mama yetu, Jumatatu usiamke, tutakwenda sisi.