Mama Dorika na Mablanketi Yetu

Ndugu waombolezaji, mimi Averi, binti yake mkubwa, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, Dorika Anatu, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1958 hapa kwetu milimani Okapa, akasoma shule ya misheni, akahitimu uuguzi mjini Goroka mwaka 1979, akafunga ndoa na baba yetu Yasuro mwaka 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Tangu 1986 alifanya kazi na watafiti wa pumu, akiwadondoshea watoto mkononi tone lenye vumbi la blanketi, lenye vidudu visivyoonekana kwa macho, na kuwachoma kidogo kwa sindano, na mara nyingi mkono wa mtoto mwenye minyoo ulibaki shwari, kana kwamba minyoo inamkinga, wa mwenzake asiye nayo ukavimba kama wa aliyeumwa na mbu, jambo lililomnyima raha, maana dawa ya minyoo aliigawa yeye.

Mwaka 1990 alinipa mimi dawa hiyo, nikiwa na safura hata midomo imekuwa myeupe, nikanenepa, nikacheza, na mwaka uliofuata pumu ikanibana, ndipo bibi, mama yake baba, akamwambia mbele za watu, “Umemtoa mjukuu wangu minyoo, ukamtia filimbi kifuani!”

Tangu siku hiyo hakutulia tena. Aliwauliza watafiti kama ni dawa au ni vile vidudu vya kwenye blanketi, wakasema hawana hakika, naye akapita nyumba kwa nyumba akianika mablanketi juani na kuyapiga fimbo, hata yale ya mahari ya binamu yangu, aliyoyafungua kabla hayajakabidhiwa, mjomba wa bwana harusi akafura.

“Dorika, unatuanika sisi? Kwani tumewaletea chawa?”

“Chawa ningewaona, shemeji. Hawa siwaoni, ndiyo maana siwaamini.”

Tulitoa nguruwe kumaliza maneno.

Alistaafu mwaka 2013, moyo ukaanza kumsumbua 2019, na hata kitandani, mgonjwa akiwa yeye, aliniita niiname asikilize kifua changu, mpaka alipofariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viazi vitamu na kuni, na wenzake wa utafiti, ambao jibu kamili hawajalileta, nami silidai.

Mama, bila dawa yako safura ingenizika nikiwa mtoto. Haya yote nimeyasoma kwa pumzi yangu mwenyewe, umenisikia, basi usihangaike tena, lala.